Mada: Taarifa za dharura zicheleweshwe kwa sheria mpaka zithibitishwe, au zitoke hapo hapo?

KITASA (mleta mada)

Wakuu, naileta hoja hii tuijadili kwa vielelezo, matusi tuyaache mlangoni.

Simu sasa inamwambia mtu foleni iko barabara gani, mvua itaanza saa ngapi na hisa zimeshuka kiasi gani, yote ndani ya sekunde. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye taarifa za dharura: mlipuko, shambulio, tetemeko, gonjwa, benki kuyumba. Hizi zinasambaa kabla hata aliyeziandika hajajua kama ni za kweli.

Napendekeza sheria. Jukwaa lolote kubwa likiona taarifa ya dharura inapaa, lisiisukume kwa dakika 10. Aliyeandika aandike, wanaomfuata waione. Lakini jukwaa lisiitumie arifa, lisiipandishe juu, lisiwapelekee wasiomfuata, mpaka chanzo cha pili kiikubali.

Vielelezo: tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya Twitter ya shirika la habari la AP ilidukuliwa, ikaandikwa kwamba Ikulu ya Marekani imelipuliwa na Rais Obama amejeruhiwa. Kipimo cha hisa cha Dow kikaporomoka zaidi ya pointi 140, kisha kikarudi juu baada ya dakika chache uongo ulipojulikana. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii waliletewa kwenye simu tahadhari ya kombora, imeandikwa kabisa kwamba si jaribio, na ujumbe wa kuifuta ukawafikia dakika 38 baadaye. Mwaka huo huo jarida la Science lilichapisha utafiti wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena. Za kweli zilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500.

Dakika kumi hazimuui mtu. Anayepinga aseme zinamuua nani.

MPIMA MITETEMO

Zinamuua aliye kilomita 100 kutoka kitovu cha tetemeko. Hesabu hii hapa.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayotuhusu. Mawimbi P hutangulia, takriban kilomita 6 kwa sekunde, na kwa kawaida hayaharibu sana. Mawimbi S hufuata kwa kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na hayo ndiyo yanayoangusha kuta. Mfumo wa tahadhari ya mapema hunasa P kwa vihisi vilivyo karibu na kitovu, halafu hukimbiza ujumbe kwa mtandao, ambao hakuna wimbi la ardhini linaloushinda mbio.

Kihisi kikiwa kilomita 20 kutoka kitovu, P inakifikia baada ya sekunde 3 na ushee. Kompyuta haikiamini kihisi kimoja, inasubiri kadhaa vikubaliane, kwa hiyo weka sekunde 5 za kusubiri na kukokotoa. Weka nyingine 4 za kufikisha ujumbe. Jumla ni 12 au 13. Aliye kilomita 100 anafikiwa na S kwenye sekunde ya 28 au 29, kwa hiyo amebakiwa na sekunde 16 hivi. Zinamtosha kuingia chini ya meza. Daktari wa upasuaji anaondoa kisu, treni inaanza kufunga breki, lifti inasimama ghorofa iliyo karibu na kufungua mlango. Aliye kilomita 30 hapati kitu: S inamkuta sekunde ya 8 au 9, ujumbe ukiwa bado unapikwa kwenye seva. Eneo hilo la karibu halina dawa, labda kuongeza vihisi na kupunguza sekunde za kukokotoa.

Sasa chukua dakika zako kumi. Sekunde 600 mara kilomita 3.5 ni kilomita 2,100. Wimbi limeshapita nchi tatu, ndipo jukwaa linaruhusiwa kulia.

Japani wanautumia mfumo huu kwa umma tangu Oktoba 2007. Mexico City wana wa kwao tangu 1991.

KITASA

Mkuu, hesabu nimeiona. Lakini vihisi navyo hudanganyika. Tarehe 8 Agosti 2013 Japani hiyo hiyo ilitangaza tetemeko kubwa mno, treni zikasimamishwa, na hakuna kilichotikisika. Au siyo?

MPIMA MITETEMO

Ni kweli kabisa, na sababu inajulikana. Kelele kwenye kipimo kilicho chini ya bahari ziligongana na tetemeko dogo la 2.3. Kompyuta ikayachanganya hayo mawili, ikatoa makadirio ya 7.8. Dawa yake ikawa kurekebisha namna kompyuta inavyochambua data za vipimo vya baharini. Hakuna mtaalamu aliyependekeza kuchelewesha, kwa sababu ukichelewesha umeua mfumo wote ili kuponya kosa moja.

Ila kuna kisa kingine cha Japani ambacho mleta mada angekitumia kikamfaa zaidi. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipiga saa 14:46 kwa saa za kule. Dakika tatu baadaye idara ya hali ya hewa ikatoa tahadhari ya tsunami kwa makadirio ya ukubwa wa 7.9: mita 6 kwa mkoa wa Miyagi, mita 3 kwa mikoa ya Iwate na Fukushima. Ukubwa halisi ulikuwa 9.0. Vipimo vilizidiwa, na njia ya haraka ya kukadiria huwa inapunguza matetemeko makubwa sana. Saa 15:14 tahadhari ikapandishwa, Miyagi ikawa mita 10 na zaidi, na baadaye mikoa mingine nayo. Wakati huo umeme ulikuwa umekatika sehemu nyingi, na wapo walioondoka na ile namba ya kwanza tu kichwani. Mtu akisikia mita 3 na mbele yake kuna ukuta wa bahari mrefu kuliko hapo, anaona yuko salama.

Angalia walivyorekebisha. Tangu Machi 2013, tetemeko likiwa kubwa kiasi kwamba ukubwa wake haukadiriki upesi, tahadhari ya kwanza haitoi mita. Inasema tu wimbi ni "kubwa mno" au "kubwa", na inataja tsunami ya 2011 ili watu waelewe uzito. Mita zinakuja baadaye, data zikitulia. Kasi wameiacha ilivyo. Kilichoondolewa ni namba ambayo hawakuwa na haki ya kuitoa dakika ya tatu.

MNARA

Mnazungumza kana kwamba ujumbe ukitumwa umeshafika. Mimi nauliza unapita bomba gani, maana mabomba ni matatu na kila moja lina ugonjwa wake.

La kwanza ni meseji ya kawaida. Inakwenda kwa namba, simu moja moja. Tuseme mfumo unasukuma meseji 1,000 kwa sekunde na eneo lina watu milioni moja. Wa mwisho anaipata baada ya sekunde 1,000, karibu dakika 17, tena hapo hatujahesabu watu wanaopigiana simu kuulizana na kuujaza mtandao. Kwa mafuriko yanayopanda taratibu inafaa. Kwa tetemeko, sahau.

La pili ni tangazo la mnara. Mnara unarusha mara moja, kila simu iliyo chini yake inalisikia, hata ziwe elfu kumi, na mtandao hauelemewi. Halihitaji namba ya mtu na halijui nani amepokea. Marekani walipoanza kulitumia kwa tahadhari mwaka 2012 lilikuwa na nafasi ya herufi 90 tu. Tangu 2019 ni 360. Ndilo bomba bora tulilo nalo, lakini lina mtego ambao wengi hawaujui, na unahusu hasa mada hii.

Mnara haurushi mara moja ukanyamaza. Unarudia tangazo lile lile kila baada ya muda mfupi ili anayeingia eneo hilo sasa hivi naye alipate. Ili simu isilie kila marudio, inakumbuka namba mbili: utambulisho wa aina ya ujumbe na namba ya mfululizo. Ikiona zile zile, inatupa. Ndani ya namba ya mfululizo kuna tarakimu ya marekebisho inayokwenda 0 hadi 15. Opereta akiandika kanusho kwa namba ileile ya zamani, mnara utalirusha, skrini yake itaonyesha limetumwa, na kila simu iliyokwishapokea uongo italitupa kanusho kimya kimya ikidhani ni marudio. Akilirusha kwa namba mpya lakini akasahau kusimamisha tangazo la kwanza, walioko ndani wanapata kanusho, na wanaoingia wanapata vyote viwili kwa mpangilio wowote.

La tatu ni arifa za programu kupitia intaneti. Hapa tatizo ni kinyume: ujumbe haupotei, unakaa. Huduma ya Google ya kupeleka arifa kwenye Android, usipoiwekea kikomo, hutunza ujumbe ambao haujafika hadi wiki 4. Simu iliyokuwa imezimwa inawashwa siku ya tatu, inalia: ondokeni haraka, maji yanapanda. Halafu tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyolala mezani haiachi programu ziamke ovyo, betri isiishe. Arifa ya kipaumbele cha kawaida inaweza kusubiri mpaka simu ijiamshe yenyewe. Kwa hiyo fundi wa programu ya tahadhari ana mambo ya lazima: kipaumbele cha juu, muda wa kuishi uwe dakika na usiwe wiki, na tahadhari na kanusho lake zipewe lebo moja ya kubadilishana, ili simu iliyokuwa nje ya mtandao ipate ule wa mwisho peke yake. Mambo ya mistari michache tu, na bado programu nyingi huachwa na mipangilio iliyokuja nayo.

Ndiyo maana Hawaii hainishawishi kuhusu dakika kumi. Kule mtumishi alichagua tahadhari halisi badala ya ya mazoezi. Hilo ni dogo, kila mfumo unaoendeshwa na binadamu utapata siku yake. Kubwa ni kwamba hapakuwa na kanusho lililokwisha kuandikwa, wala utaratibu uliofanyiwa mazoezi wa kulituma kwa bomba lile lile. Kabla kanusho halijafika kwenye simu, mamlaka ya Hawaii iliandika Twitter kwamba hakuna kombora, dakika kama 13 baada ya kosa. Aliyejificha na watoto bafuni hasomi Twitter, anasubiri simu ilie tena kwa mlio ule ule. Ingelia baada ya dakika 2, leo kisa hicho kingekuwa kichekesho.

BI HAKIKI

Naingia upande wa habari zinazoandikwa na watu, maana vihisi mmevimaliza. Hoja ya Kitasa ina shimo kwenye maneno "chanzo cha pili".

Tarehe 17 Aprili 2013, siku mbili baada ya mabomu ya Boston, Marekani, vyombo vikubwa vya habari vikiwemo CNN na AP vilitangaza kwamba mtuhumiwa amekamatwa. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikakanusha. Vyombo vilikuwa zaidi ya kimoja, vyote vya heshima, vimekubaliana, na wote wamekosea. Sheria yako ingewapitisha bila kikwazo. Vyanzo viwili vinavyokunywa kisima kimoja ni chanzo kimoja. Mtandaoni hali ni mbaya zaidi: ukurasa wa kwanza unaandika "taarifa zinadai", wa pili unaunukuu wa kwanza, wa tatu unasema "vyombo kadhaa vimeripoti", na wa kwanza unarudi kuandika kwamba imethibitishwa. Kompyuta ya jukwaa itahesabu vyanzo vitatu.

Na uhakiki wenyewe haupimwi kwa dakika kumi. Chukua video inayodaiwa kuonyesha mlipuko leo asubuhi. Kwanza unamtafuta aliyeipakia mwanzo, si anayesambaa nayo. Nakala inayozunguka imekwisha kubanwa mara kadhaa, na majukwaa mengi huondoa taarifa za ndani za faili, kwa hiyo saa na mahali ilipopigwa hutavipata humo. Unamwomba mwenyewe faili asilia. Unakata picha tano au sita kutoka kwenye video, hasa zinazoonyesha mandhari pana, unazitafuta kwenye injini za utafutaji zaidi ya moja, kisha unazigeuza kushoto kulia unatafuta tena, kwa sababu wezi wa video hupenda kuzigeuza. Usipopata kitu, bado hujathibitisha chochote! Injini hazijaziona picha za saa moja iliyopita, na video ya kweli ya leo na video ya zamani iliyokatwa vizuri zote zitakupa ukurasa mtupu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa uhakiki huanguka.

Baada ya hapo unatafuta mahali. Paa, nguzo, maandishi ya maduka, mkunjo wa barabara, unalinganisha na picha za setilaiti, ukikumbuka kwamba picha hizo zinaweza kuwa za miaka kadhaa nyuma na jengo jipya lisiwemo. Vivuli vinakupa saa: ukijua mahali na tarehe, mwelekeo wa kivuli cha nguzo unakuambia kama ni asubuhi au alasiri. Saa za kupakia unazibadilisha kutoka saa za kimataifa kwenda za eneo la tukio, maana tofauti ya saa tatu imeshawahi kufanya video ya kweli ionekane imepakiwa kabla ya tukio. Sauti nayo usiipuuze: mwanga wa mlipuko wa mbali hutangulia na kishindo hufuata, sekunde 3 kwa kila kilomita moja hivi. Video ambayo mwanga na kishindo vinakuja pamoja ilhali moto uko mbali, sauti yake imebandikwa.

Ukibahatika, dakika 20. Usipobahatika, nusu siku. Dakika kumi ni muda wa kutosha kumchosha mhakiki, hautoshi kumaliza kazi.

SOKONI

Naomba kutetea ucheleweshaji kidogo, maana unapigwa na wote kana kwamba haujawahi kufanya kazi popote. Masoko ya hisa yanauishi kila siku.

Baada ya hisa za Marekani kuporomoka na kurudi ndani ya dakika chache tarehe 6 Mei 2010, waliweka breki. Hisa moja bei yake ikigonga ukomo na ikabaki hapo sekunde 15, biashara ya hisa hiyo inasimama dakika 5. Soko zima likishuka asilimia 7, yaani kipimo cha S&P 500, kila kitu kinasimama dakika 15; asilimia 13, dakika 15 tena; asilimia 20, watu wanakwenda nyumbani. Machi 2020 breki ya kwanza ilivutwa mara nne. Kuna hata soko moja, IEX, linalopitisha maagizo kwenye faiba iliyozungushwa ya kilomita 61 hivi, kusudi kila agizo lichelewe maikrosekunde 350, wenye kompyuta za kasi wasiwahi bei kabla ya wengine.

Kwa nini huko inafanya kazi? Kwa sababu soko lina mlango mmoja na ukiufunga umefungwa kwa wote kwa wakati mmoja. Hakuna anayenunua dirishani. Taarifa ya moto haina mlango mmoja. Ukiizuia kwenye jukwaa kubwa itapita kwenye makundi ya simu, huko ambako hakuna mhakiki wala kanusho.

Kwa hiyo nakubaliana na Kitasa kuhusu lengo. Nasema tu kifaa chake kinafaa mahali penye geti.

KITASA

Kuhusu makundi ya simu, breki imewezekana na huko pia. WhatsApp ilianza India mwaka 2018 kuweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, Januari 2019 ikakipeleka duniani kote. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mno ukaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, na kampuni yenyewe ilisema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Haikusomwa meseji ya mtu, haikufungwa akaunti.

BI HAKIKI

Hapo sasa umegusa penyewe, ndugu yangu. Hiyo haijachelewesha taarifa, imeongeza kazi ya kidole. Anayetaka kumwonya mama yake anamwonya sasa hivi. Anayetaka kuwamwagia watu 200 wasiomjua anachoka njiani. Hii ndiyo breki ninayoikubali.

NJIA PANDA

Nyote mko kwenye majanga makubwa. Taarifa ya papo kwa papo inayoharibu mambo kila siku ni ramani ya foleni, na huko uongo hauna mwandishi.

Rangi ya barabara kwenye ramani inatokana na simu za watu zinazotuma mahali na kasi zao. Simu nyingi, kasi ndogo: nyekundu. Msanii mmoja, Simon Weckert, alionyesha mwaka 2020 mjini Berlin: alivuta kigari chenye simu 99 akitembea taratibu, na barabara tupu ikaonekana ina foleni. Hiyo ilikuwa sanaa. Hatari halisi ni barabara isiyo na simu hata moja. Programu ikikosa data za sasa inarudi kwenye wastani wa zamani wa siku na saa kama hiyo. Barabara ikifungwa kwa moto au ikizama kwenye maji, magari hayapiti, data zinakatika, na ramani kwa dakika kadhaa inaweza kuiona kama barabara yake ya kawaida isiyo na msongamano. Inawapeleka watu huko huko. Desemba 2017, moto wa nyika ulipokuwa unawaka kusini mwa California, polisi wa Los Angeles waliwaonya madereva wasifuate programu za njia kwa sababu hiyo.

Hapa dawa ni taarifa nyingine ya haraka inayopewa nguvu juu ya ile ya simu: mamlaka ya barabara itangaze kufungwa kwa barabara moja kwa moja kwenye mfumo wa ramani, ikiwa na mahali pa kuanzia na kuishia, upande gani wa barabara, saa ya kuanza na saa ya kwisha. Saa ya kwisha ndiyo inayosahaulika. Barabara inafunguliwa Jumanne, kwenye ramani inabaki imefungwa mpaka Ijumaa, madereva wanazoea kupuuza, na siku itakapofungwa kweli hakuna anayeamini.

JICHO LA PEMBENI

Mmekaa kiufundi sana. Swali la mtaani ni hili: huyo wa kusema "imethibitishwa" ni nani? Kiwanda cha mkubwa kikiungua, chanzo cha pili kitakuwa msemaji wa huyo mkubwa. Mpe mtu ufunguo wa kuzuia dakika kumi za moto, mwaka ujao atauomba wa kuzuia siku tatu za kura.

Na kuna upande ambao taarifa za kawaida, za televisheni tu, ziliokoa. Tarehe 26 Desemba 2004 kituo cha tahadhari ya tsunami cha Pasifiki kilitoa taarifa ya tetemeko la Sumatra, Indonesia, kama dakika 15 baada ya kutokea, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa kupokea na kupeleka tahadhari hadi ufukweni. Mawimbi yalichukua kama saa saba kufika Afrika Mashariki. Somalia walikufa karibu watu 300. Kenya, ambako habari za Asia zilikuwa zimeshasikika na watu wakaondolewa fukweni, alikufa mmoja. Taarifa ilikuwepo duniani kwa saa saba. Haikuwa na njia ya kufika.

KITASA

Sawa wakuu, naipunguza hoja, mseme kama inasimama.

Dakika kumi naziondoa. Vihisi vitoe tahadhari hapo hapo, ila visitoe namba ambayo data hazijaibeba, kama walivyofanya Japani 2013. Kila tahadhari iandikwe kwa kiwango cha CAP, yaani muundo mmoja wa kimataifa wa kuandika tahadhari, ambacho toleo lake la 1.2 lipo tangu 2010 na lina sehemu ya dharura ni ya haraka kiasi gani, kali kiasi gani, na ya uhakika kiasi gani: imeonekana, inaelekea, inawezekana. Lina saa ya kwisha, lina ujumbe wa kusasisha na wa kufuta unaotaja tahadhari ya awali. Sheria ilazimishe sehemu ya uhakika ionekane kwa msomaji, isiishie kwenye seva. Majukwaa yaweke breki ya kidole badala ya geti. Na hili ndilo nalishikilia: aliyesukuma uongo alazimike kusukuma kanusho kwa bomba lile lile, kwa mlio ule ule, kwa watu wale wale. Jukwaa linajua nani aliona nini, linawatoza watangazaji kwa hesabu hiyo hiyo.

BI HAKIKI

Naunga mkono, kwa sharti moja. Kanusho lisirudie uongo kwenye mstari wa kwanza. Arifa huonyesha maneno machache tu kabla ya kukatika. Ukianza na "Si kweli kwamba kombora linakuja" simu ndogo inaweza kukata vibaya, na mwenye haraka anasoma neno kombora peke yake. Anza na hali ilivyo: "Mko salama. Tahadhari ya saa 2:07 asubuhi imefutwa."

MPIMA MITETEMO

Naunga mkono. Ongezeni mazoezi ya kufuta, siyo ya kutuma peke yake. Vituo vingi hujaribu king'ora kikilia. Vichache hujaribu kukinyamazisha.

MNARA

"Watu wale wale" kwenye jukwaa inawezekana. Kwenye mnara haiwezekani, na nimeshaeleza kwamba mnara haujui nani alipokea. Kanusho litarushwa kwenye eneo lile lile, lakini aliyetii tahadhari ameshatoka eneo hilo. Wale walioamini zaidi ndio hawatalipata. Akiendesha kilomita 80 kwa saa kwa dakika 38 yuko kilomita 50 nje ya mpaka wa tangazo. Kwa hiyo eneo la kufuta lazima liwe pana kuliko la tahadhari, na upana huo unakua kila dakika mnayochelewa kufuta. Ukirusha pana mno, unawaamsha kwa mlio wa dharura watu ambao hawakuwahi kusikia chochote, nao wataanza kupigiana simu kuulizana kombora gani. Kitasa, kwenye rasimu yako andika kilomita ngapi?